Nakuru hadi Molo kwa baiskeli, kandokando ya reli ya zamani

Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipanda milima ya Mau kupitia Njoro, Elburgon na Molo, na barabara ya lami inapita miji hiyohiyo. Shika hiyo. Barabara kuu ya Eldoret ina malori mengi mno, wala haina raha yoyote kwa mwendesha baiskeli.

Ni kama kilomita 50. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Molo inakaribia 2,500, kwa hivyo kwenda ni kupanda tu. Blakmamba ya gia moja utaisukuma sana. Afadhali baiskeli yenye sahani ndogo ya mbele ya meno 34 au pungufu, na kubwa ya nyuma ya 32. Badilisha gia kabla mlima haujakaza; ukibadilisha huku umekanyaga kwa nguvu, cheni huruka, pengine hukatika.

Hatari yenyewe iko kwenye kurudi. Ukibana breki mfululizo, rimu hupata moto na tyubu yaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena, mbele na nyuma pamoja. Raba za breki ambazo mifereji imefutika zibadilishwe Nakuru kabla ya kutoka. Rimu ikilowa, breki huchelewa kushika, na Mau hunyesha zaidi alasiri: ondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Beba tyubu mbili, viraka, pampu na jaketi, hata kama Nakuru kuna jua. Molo, kula kondoo.