Kabla hujafuta kadi ya kamera, nakili yote ilivyo

Katika ukoo wetu mimi ndiye mhariri wa video. Harusi ikiisha, kikao cha familia kikiisha, faili zinanifikia, na mara nyingi zinakuja na ujumbe uleule: programu inazikataa, hebu nisaidie. Anayetuma huwa ameshaamini kwamba kamera imeharibika au kompyuta yake imezeeka. Kwa niliyoyaona, vyote viwili huwa vizima. Shida iko kwenye namna faili zilivyotolewa kwenye kadi, na ninaandika haya kwa sababu kuna watu wanapoteza kumbukumbu ambazo hazirudi.

Majuzi binamu yangu alinitumia kikao ambacho shangazi yetu mkubwa alisimulia habari za babu. Binamu alikuwa amefungua kadi, akapekua folda moja hadi nyingine, mpaka akakuta faili kubwa zilizoitwa 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Akachukua hizo tu. Zile ndogondogo hazikufunguka alipozibofya, akaona hazina kazi, akaziacha, kisha akaifuta kadi ili itumike tena.

Nikaziingiza. Picha safi kabisa, sauti hakuna. Sauti nikaipata baadaye, nikaanza kusikiliza. Shangazi anawataja ndugu zake babu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Anafika kwa wa tatu, anaanza kulitamka jina, silabi ya kwanza inasikika, sauti inakatika, picha inaruka, halafu tunamkuta ameshafika kwa wa nne. Jina hilo halijaandikwa popote. Watoto wetu wangelisikia wapi?

Kilichotokea kina maelezo. Kamera nyingi za video za mkononi za miaka iliyopita hurekodi kwa AVCHD, mfumo ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006. Kadi za hadi GB 32 aghalabu huwa zimepangwa kwa FAT32, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye kadi, na FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Mtu anaporekodi mfululizo kwa muda mrefu, kamera inafunga faili ikikaribia kikomo hicho (nyingine hukata kwenye GB 2) na kufungua inayofuata papo hapo. Haisubiri mtu amalize sentensi. Inakata palipofika ujazo, hata kama ni katikati ya neno.

Sasa zile faili ndogo zilizodharauliwa ndizo zinazojua habari hiyo. Ukifungua kadi utakuta folda ya PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, na humo kuna STREAM yenye video zenyewe, pamoja na CLIPINF na PLAYLIST. Hizi mbili za mwisho hueleza kipande kipi kinaendelea na kipi. Programu nzuri ya kuhariri ukiielekeza kwenye folda nzima inazisoma, kisha inakuletea mazungumzo yote kama kipande kimoja. Ukiburuta MTS peke yake, kila faili inachukuliwa kama rekodi inayojitegemea, na pale kwenye maungio fremu kadhaa na sauti yake vinaweza kupotea.

Kupotea huko ni machoni pa programu tu. Data yenyewe ipo, nusu mwishoni mwa faili ya kwanza na nusu mwanzoni mwa ya pili. Kwa hiyo nilifanya kazi ambayo PLAYLIST ingeifanya: nikaziunganisha kwa mpangilio zikawa faili moja kabla ya kuziingiza popote. Kwenye Windows amri ni hii, unaiandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt) ukiwa ndani ya folda yenye faili hizo:

copy /b 00000.MTS+00001.MTS kikao.mts

Kwenye Mac au Linux, katika Terminal:

cat 00000.MTS 00001.MTS > kikao.mts

Jina likatoka zima. Nimeshaliandika kwenye daftari la ukoo. Ila angalia: njia hii ni ya vipande vilivyokatwa na kamera yenyewe katika rekodi moja. Mahali mtu alipobonyeza kitufe cha kusimamisha hapana haja ya kuunganisha.

Kuhusu ile sauti iliyopotea. AVCHD hubeba picha iliyobanwa kwa njia iitwayo H.264, na sauti yake aghalabu imebanwa kwa njia nyingine, AC-3. Zipo programu zinazosoma H.264 bila tabu lakini hazina kisomaji cha AC-3, basi unapata watu wanaofungua midomo kimya kimya. Usikimbilie kubadilisha video nzima iwe MP4 kwa vile vigeuzi vya bure vya mtandaoni. Kila ukiisindika picha upya unapunguza ubora wake. Badilisha sauti pekee, picha iache kama ilivyo. Natumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i kikao.mts -c:v copy -c:a pcm_s16le kikao.mov

Inamaliza haraka kwa sababu picha inanakiliwa tu, haichakatwi. Na ukiona mistari kama meno ya kitana pembeni mwa mtu anayetembea, usidhani umeharibu kitu: kamera imerekodi kila fremu kwa nusu mbili za mistari. Weka mpangilio wa mradi ulingane na wa kamera, halafu uondoe mistari hiyo mwishoni unapotoa video.

Kwa hiyo ninachowaomba ndugu zangu wote ni kimoja. Tengeneza folda yenye jina la tukio na tarehe, nakili humo kila kilichomo kwenye kadi bila kubadilisha majina, bila kuchagua. Kwenye Mac folda ya AVCHD inaweza kuonekana kama faili moja; nakili hiyo hiyo. Kisha cheza video kutoka kwenye nakala, hadi mwisho, ndipo uguse kitufe cha kufuta.

Wenye kanda za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera za video za zamani, hizo zitangulizeni mbele ya kadi zote. Kamera zinazoweza kuzicheza zinazidi kupungua, na kanda haiharakishwi: saa moja ya kurekodi ni saa moja ya kuhamisha, na huchukua karibu GB 13. Waya wa USB wa kamera nyingi za aina hiyo ulikuwa wa picha za mnato. Video yenyewe hupita kwenye tundu la FireWire, ambalo kamera nyingine zimeliandika DV au i.LINK. Kanda iliyokaa miaka bila kuguswa izungushe kwanza mbele hadi mwisho, irudishe nyuma yote, ndipo uanze kuihamisha.