Feni za rejeta kwenye Eunos Roadster: kumbukumbu ya mradi wangu

Gari ni Eunos Roadster ya 1990, ile Mazda ndogo ya viti viwili yenye taa zinazoinuka, injini ya lita 1.6. Likiwa kwenye mwendo halina neno. Likinasa kwenye foleni ya Ubungo, mshale wa joto unaanza kupanda. Foleni ikiachia, unashuka wenyewe. Hiyo pekee inakuambia mengi. Gari linalochemsha hata kwenye mwendo, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au thamostati (vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta) iliyogoma kufunguka. Linalochemsha likisimama tu limekosa upepo, na gari lililosimama halina upepo mwingine zaidi ya feni.

Fundi umeme wa mtaani alishafika kwenye jibu kabla sijamaliza kueleza: "Bosi, hapa tunapiga dairekti tu. Ukiwasha gari, feni inazunguka muda wote, unasahau habari za kuchemsha."

Nilimshukuru, nikakataa. Sisemi dairekti haifanyi kazi, nusu ya magari ya Dar yanaishi hivyo, mengine na thamostati imeng'olewa ikatupwa. Lakini kama kuna waya unaoungua, kwa dairekti utaungua kutwa nzima bila kupumzika. Nilitaka kujua umeme unakwamia wapi.

Kwenye toleo hili mfumo ni mwepesi. Swichi ya joto imefungwa karibu na thamostati, mbele ya injini. Maji yakifika kama nyuzi 97 inaunganisha umeme, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inavuta, feni kuu inazunguka. Feni ya pili iko kwa ajili ya kiyoyozi, na changu kiliishiwa gesi siku nyingi, kwa hiyo hiyo haikuwa inasaidia kitu.

Kuna kitu Mazda walifikiria vizuri. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi cha kupimia chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, unganisha tundu la TFA na la GND kwa kipande cha waya, na feni kuu inapaswa kuzunguka hata kama maji ni ya baridi. Nikaunganisha. Rilei ikalia "tak". Feni kimya.

Basi fyuzi na rilei tukaviacha kwa muda. Nikachomoa plagi ya feni, nikapima: volti 12.4. Testa ya taa ingewaka hapo na fundi angeapa kwamba umeme upo. Nikachomeka tena, nikapima kwa kupenyeza ncha za multimita nyuma ya plagi: volti 8 na ushee. Umeme unafika mpaka pale kazi inapoanza, kisha unapotea njiani. Ndiyo maana ukipima plagi iliyochomolewa hujapima kitu.

Plagi yenyewe ilijieleza. Plastiki imegeuka kahawia upande mmoja, pini moja imeota ukungu wa kijani, na waya nyuma yake umekakamaa kama tambi kavu; nilipoukunja, ganda likakatika na shaba ndani ikawa nyeusi. Nikasukuma panga la feni kwa kijiti, mota ikaanza kuzunguka kwa kusuasua huku ikinuka. Hapo picha ikakamilika: bushi za mota zimekauka, mota inakuwa nzito, inavuta ampia nyingi, plagi inapata moto, na kadiri plagi inavyoungua ndivyo mota inavyopata umeme kidogo.

Swichi ya joto nayo ilibaki kuthibitishwa, maana ule waya wa TFA unairuka. Nikaifungua, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa kitako. Iliunganisha maji yalipokaribia kuchemka, ikaachia yalipopoa. Wenzangu wa Nairobi au Mbeya msijaribu hivi mkahukumu swichi: huko juu maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 97 hata uongeze mkaa. Ndani ya rejeta ni habari nyingine kwa sababu kuna presha na kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Kubadilisha sasa. Betri ya gari hili iko kwenye buti, ndiko pa kuanzia, kwa sababu feni inayostuka na vidole viko ndani haina mzaha. Lile bomba la hewa linalokatiza mbele ya injini linatoka, kisha bolti za kava ya feni, na kava nzima inavutwa juu bila kutoa rejeta.

Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, nilipata mota ya mtumba kutoka gari jingine la Kijapani, shafti yenye unene uleule lakini matundu ya bolti hayakukutana. Nikakata bamba la aluminiamu la kuunganishia. Walinishawishi pia ninunue zile feni za kufunga kwa vishikizo vya plastiki vinavyopenya kwenye rejeta yenyewe. Hapana. Vinasugua mapezi mpaka rejeta inavuja, na bila kava feni inavuta hewa kwenye duara lake tu, kona zote zinabaki bure.

Kabla ya kufunga niliiwasha mota mezani kuangalia inazunguka upande gani. Feni hii inakaa nyuma ya rejeta na lazima ivute hewa kuja kwenye injini. Ukigeuza waya mbili, inapuliza kwenda mbele na kushindana na upepo wa safari. Plagi nimeweka mpya, waya wa milimita 4 za mraba mpaka kwenye rilei, viungo vimechomelewa kwa risasi.

Nilipojaza kulanti niliinua pua ya gari kwa jeki, hita kwenye moto wa mwisho, kizibo wazi, mpaka mapovu yakaisha.

Kipimo cha sasa, feni ikizunguka: volti 12.1 kwenye plagi, mota inavuta ampia 8. Foleni ya jioni feni inawaka, inazima, inawaka tena. Inayofuata ni feni ya kiyoyozi; mapanga yake bado yanazunguka laini kwa mkono, lakini plagi ni ya umri uleule, kwa hiyo nayo inakatwa kabla sijajaza gesi.