Nimepata PhD Marekani bila uzamili, na waliokuwa wakinishauri wako wapi?

Kila niliyemuuliza aliniambia nisome uzamili kwanza. Jamani! Kwa sayansi ya kompyuta, vyuo vingi vya Marekani vinampokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye PhD, chuo kinabeba ada na posho kinakupa, mradi ufundishe au ufanye utafiti. Uzamili ndio wengi hujilipia, tena kwa hela za kuuzia kiwanja.

Ushauri mwingine wa ovyo: tuma imeili kwa maprofesa wengi uwezavyo. Nikatuma rundo. Nikajibiwa na mashine, kwamba mheshimiwa yuko likizo.

Kilichonitoa ni MasakhaNER, data iliyotoka 2021, lugha 10 za Afrika, Kiswahili kimo. Ni sentensi za habari zilizowekewa alama: huyu mtu, hapa mahali, hii taasisi, hii tarehe. Nikaifundishia modeli, yaani programu inayojifunza kuweka alama hizo yenyewe, kwenye Colab ya bure, kompyuta ya Google ya mtandaoni, kwa bando la usiku (hifadhi kazi mara kwa mara, inakata bila hodi). Ilipoiva nikaitegea mitego: "Jumanne amefika Jumanne." "Shabani ataoa baada ya Ramadhani, na Ramadhani ndiye mshenga." Weee! Mjomba wangu Jumanne akageuzwa tarehe. Nikamwaga ukoo mzima humo, kina Rajabu na kina Alhamisi, usiku wa manane nacheka peke yangu, huku napanga makosa kwenye jedwali.

Jedwali hilo, nusu ukurasa tu, nikamtumia profesa anayeshughulika na lugha zenye data kidogo. Sikumsifia hata sentensi moja. Akajibu kwa swali: ukitanguliza cheo je? Nikaweka "Mzee Jumanne", modeli ikapata akili, nikamrudishia matokeo. Kuanzia hapo tukawa tunaandikiana kama watu wa kazi moja.

Ada ya maombi usikimbilie kulipa, inafika kama dola mia. Chuo changu kilikuwa na fomu ya msamaha, imejificha chini kabisa ya ukurasa.

Barua za mapendekezo zinatakiwa tatu, na milango mingi inafungwa katikati ya Desemba. Walimu wafuate mapema. Wangu wa tatu aliniambia "kesho" mpaka siku ya mwisho, nikaenda kukaa ofisini kwake na laptopu na intaneti ya simu yangu. Yeye akaandika, mimi nikamshikia chaja iliyokuwa inalegea, na hatukunyanyuka mpaka mfumo ulipokubali.