Pua inavyochuja vumbi

Juzi nimefagia stoo iliyokaa miezi haijafunguliwa, nimemaliza nikapenga kamasi kwenye tishu nyeupe, jamani, imetoka nyeusi tii! Nikabaki naiangalia tu, maana uchafu wote ule ulikuwa safarini kwenda kwenye mapafu.

Zile nywele za mlangoni mwa pua zinakamata makubwa makubwa tu, kazi yenyewe iko ndani. Kuna vifupa vimejikunja vinaufanya upepo upite kwa kona, sasa vumbi ni zito kidogo, haliwezi kukata kona hivyo linagonga ukuta na kunasa kwenye ute, na huo ute haukai hapohapo, kuna vijinywele vidogo mno havionekani kwa macho vinausukuma nyuma kooni, milimita kama 5 hivi kwa dakika, tunameza bila kujua, asidi ya tumbo inamalizana nao. Mi hapa ndo huwa nashangaa kabisa.

Ila vumbi laini sana, la chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), kama la moshi, lenyewe linapenya mpaka ndani kabisa. Stoo nyingine nafagia na barakoa, na kwanza namwagia maji.