Umeokota Wapi Leo?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa na Ruthu sura ya 2. Kitabu hiki tunakifungua sana kwenye harusi na semina za akina mama, na haraka yetu huwa ni kufika kwa Boazi, mwenye shamba, na ile ndoa. Safari hii nimekwama mapema, kwenye siku za kwanza za Ruthu, mgeni anayeokota masuke nyuma ya wavunaji, kwa sababu nami nina mgeni wangu ugenini.

Binti yetu yuko wiki ya tano Ujerumani, kwenye mafunzo ya uuguzi. Alifika Jumamosi usiku. Kulipokucha akatoka kutafuta mkate, akakuta mtaa mzima umefungwa, maana kule sheria inataka maduka yafungwe Jumapili, isipokuwa machache sana. Mtoto aliyekulia Kirumba, Mwanza, ambako saa nne ya usiku unagonga dirisha la duka kwa Mangi ukapewa chumvi, alirudi chumbani akashinda na zile karanga tulizomfungia. Hakutuambia. Tulikuja kujua baadaye.

Kisha kukawa na suala la barua. Kule ukihamia unatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na baada ya hapo mambo mengi yanakujia kwa posta: namba ya kodi, kadi ya benki, karatasi za bima. Sisi tumezoea S.L.P. ya kanisa au ya shule. Kule mtu wa posta anafika mpaka mlangoni na kusoma majina kwenye visanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Mwanangu alisubiri wiki mbili bila kupata kitu, akaanza kudhani amekataliwa. Siku moja bibi mmoja wa ghorofa ya chini alimkuta amesimama mbele ya vile visanduku. Akamwomba aandike jina lake kwenye kikaratasi, akaingia ndani, akatoka na selotepu, akakibandika. Barua ya kwanza ilifika siku chache baadaye.

Aliponisimulia hayo nilifungua tena mstari wa 8 na wa 9. Boazi anapokutana na yule mwanamke Mmoabi kwa mara ya kwanza, anamwambia mambo ya kawaida kabisa: usiende shamba lingine, fuatana na wasichana wangu, nimewakataza vijana wasikuguse, ukisikia kiu nenda kwenye vyombo unywe maji waliyoteka. Yale maneno mazuri ya kukimbilia chini ya mbawa za Bwana yanakuja baadaye, mstari wa 12. Kwanza alimwonyesha maji. Ndugu zetu wa visiwa vya Ziwa Victoria wanalielewa hili kuliko mimi. Mgeni akishuka mwaloni Ukara au Kome kutafuta kazi ya kuanika dagaa, kabla hajaulizwa ukoo wake anaonyeshwa pa kuchotea maji, na anaambiwa upande ule usiingie, kuna mamba. Neno hilo moja linaweza kuwa uhai wake.

Sasa niseme lililonichoma.

Wiki ya pili, binti akiwa bado anasubiri barua, nilimtumia ujumbe kuhusu bati za nyumba ya bibi yake. Mjomba wake naye alimwandikia kuhusu mchango wa harusi. Hatukuwa na ubaya. Tulihesabu tu kwamba yuko Ulaya. Hatukujua kwamba posho ya mafunzo hulipwa mwisho wa mwezi, tena ikiwa imeshakatwa bima, wala kwamba dhamana ya chumba inaweza kufika kodi ya miezi 3. Akajibu, "Sawa mama, nitajitahidi." Siku hiyo, nimekuja kujua, alikuwa amepika uji wa unga wa njano wenye punje nene, bila sukari.

Wapendwa, someni mstari wa 14 polepole. Ruthu aliketi pamoja na wavunaji, akala, akashiba, akasaza. Mstari wa 18 unasema alichomtolea mkwewe Naomi ni kile alichokisaza baada ya kushiba. Mpangilio huo nilikuwa sijauona miaka yote. Wala sisemi watoto wetu wasitume kitu. Ruthu alibeba shayiri mpaka nyumbani, karibu efa nzima, kile kipimo cha nafaka cha zamani. Ila alishiba kwanza.

Halafu mtazameni Naomi. Huyu ni mjane aliyerudi Bethlehemu mikono mitupu, anayesubiri nyumbani huku mkwewe akihangaika mashambani. Kama kuna mtu angekuwa na haki ya kuuliza "umeleta nini?", ni yeye. Anaiona shayiri kwa macho yake, lakini analouliza ni hili: umeokota wapi leo, umefanya kazi wapi? Na kabla hajatajiwa jina la mtu, anambariki yule aliyemwangalia mwanawe.

Jumapili iliyopita nilipiga simu saa tatu usiku. Nikamwomba radhi kwa ule ujumbe wa bati. Kisha nikamuuliza, "Leo umeokota wapi, mwanangu?" Alikaa kimya nikadhani mtandao umekata. Halafu akaanza: mzee wodini anayemsahihisha matamshi bila kumcheka, basi ambalo watu hawasemezani, kanisa alilolipata ambako hakuelewa mahubiri ila tuni ya wimbo mmoja aliitambua akauimba kwa Kiswahili. Aliongea mpaka bando langu likaisha.

Jumatano kwenye maombi naomba tumtaje na yule bibi wa selotepu. Jina lake lipo kwenye kisanduku chake, nimetumiwa picha, ila siwezi kulitamka. Tutamtaja hivyo hivyo: jirani wa ghorofa ya chini.