Changarawe za Hallsands

Jumamosi ya upepo mwanana, nikaona niende kutazama magofu ya kijiji cha Hallsands, huku Devon Kusini, Uingereza, karibu na mnara wa taa wa Start Point. Kwenye magofu yenyewe hakushukwi, kwa kuwa genge linamomonyoka na njia imefungwa. Unasimama kwenye jukwaa la kutazamia, chini yako vipande vya kuta vimeng'ang'ania mwamba, na mawimbi yanapiga papo hapo. Asiyejua atasema hii ni kazi ya dhoruba. Mimi nasema kazi ilianzia ofisini.

Mwaka 1891 hiki kilikuwa kijiji cha wavuvi wa kaa chenye nyumba 37, watu 159 na baa moja, London Inn. Nyumba zilijipanga chini ya genge, na mbele yake ufuo mpana wa changarawe ndio uliokuwa ukipokea mawimbi. Mashua zilipandishwa hapo, madema yakarundikwa hapo. Inasimuliwa kwamba wanawake waliwabeba wanaume mgongoni hadi kwenye mashua ili waanze safari na miguu mikavu, na kwamba mbwa wakubwa wa aina ya Newfoundland walifundishwa kuogelea kwenda kupokea kamba mashua zikirudi. Hilo la wanawake lilinichekesha, hadi nilipofikiria maji ya huku yalivyo mwezi wa kwanza.

Basi, mwaka 1897 gati la jeshi la majini la Keyham, kule Plymouth, lilikuwa linapanuliwa, na zege linataka changarawe. Mkandarasi akapewa kibali cha kuzizoa kutoka baharini mbele ya Hallsands na jirani yake Beesands. Wakubwa waliamini bahari itazirudisha yenyewe. Itazitoa wapi? Changarawe za ghuba ile ni akiba ya kale, zilisukumwa hadi pale bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, na hakuna mto wa kuleta nyingine za kutosha. Zilizolewa tani zipatazo 650,000. Wavuvi, ambao hakuna aliyewauliza, waliuona ufuo ukishuka chini ya mashua zao. Ilipofika mwaka 1900 dhoruba ilikuwa imebomoa sehemu ya ukuta wa mbele, wakamwandikia mbunge wao malalamiko. Kibali kilifutwa Januari 1902, kinga ya kijiji ikiwa imekwisha kuchukuliwa na meli.

Usiku wa tarehe 26 Januari 1917, tufani ya kutoka mashariki ilikutana na bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida. Maji yalipita juu ya kilichobaki cha ukuta, yakaingia majumbani. La kushangaza, hakufa mtu. Lakini kabla mwaka haujaisha ilibaki nyumba moja tu inayokalika. Fidia nayo ilicheleweshwa kwa miaka, na waliotakiwa kuthibitisha hasara yao ndio hao hao waliokuwa wametahadharisha mapema.

Katika nyumba ile iliyobaki aliishi Elizabeth Prettejohn. Wenzake walihama, yeye akakataa. Alifuga kuku, akawapokea wageni waliokuja kutazama magofu na kuwasimulia yaliyotokea, hadi alipofariki mwaka 1964. Kuna picha zake, bibi kizee mbele ya mlango wake, jirani wa karibu ni bahari. Watu humwita mkaidi. Sijui kama ni neno lake. Nyumba ilikuwa yake, na kosa halikuwa lake.

Kinachonikera ni jinsi habari hii inavyopendwa kusimuliwa kama hadithi ya mizimu, kijiji kilichomezwa na bahari kana kwamba bahari iliamka na hasira. Kulikuwa na kibali, mkataba na tarehe ya kuanza kazi. Hata changarawe zenyewe hazijapotea. Zimo ndani ya zege la Plymouth, katika bandari ambayo leo nyambizi za nyuklia za Uingereza huingia kufanyiwa matengenezo.