Taa Ndogo kwenye BSA ya Mjomba

Mwaka 2016, msimu wa korosho ulipokuwa unakaribia, mjomba wangu wa Mikindani alikuwa amechoka kununua betri. Pikipiki yake ilikuwa BSA A65 Thunderbolt ya mwaka 1968, yenye silinda mbili na injini ya sentimita za ujazo 654, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, na alikuwa akiitumia kwa safari za shambani na za chama cha msingi kana kwamba imetoka dukani juzi. Kila betri mpya ilifanya kazi vizuri kwa majuma machache, kisha maji yake yalikauka na ikakataa kushika chaji. Aliambiwa kwamba betri za siku hizi ni dhaifu, naye alielekea kukubali, kwa sababu ammita iliyokuwa juu ya bakuli la taa kubwa ilimwonyesha sindano imelalia upande wa kuchaji kila alipokuwa barabarani.

Nilikuwa nimesomea ufundi wa umeme, na jambo hilo halikunipa utulivu. Ammita hupima umeme unaoingia kwenye betri au unaotoka. Kuitegemea peke yake ni kutazama maji yakimiminwa mtungini bila kujua mtungi umejaa kiasi gani. Volti ndizo zinazoeleza hali ya betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma takriban volti 12.6 au 12.7, na ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na karibu nusu ya chaji yake. Injini ikizunguka kwa kasi ya safari, tunatarajia kuona kati ya volti 13.8 na 14.4. Zikizidi 15, umeme wa ziada huyavunja maji ya betri kuwa gesi kwa wingi, na betri huharibika hata kama sindano ya ammita inapendeza machoni.

Kwa hiyo niliagiza kutoka Dar es Salaam taa ndogo ya LED inayoonyesha volti: nyekundu chaji ikipungua, kijani ikiwa sawa, na kumetameta volti zikizidi 15. Nilipompelekea, nikamwamkia na kumweleza kazi yake, mjomba aliigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Mpwa wangu, sikukatazi," alisema, "ila bakuli la taa usilitoboe. Limekaa hivyo tangu lilipotoka kiwandani, na litabaki hivyo."

Niliona ana haki. Pikipiki ya umri ule hulindwa kwa kutoongezewa matundu, na kwa bahati njema tundu lilikuwapo tayari: karibu na ammita palikuwa na nafasi ya taa ya kuonyesha kwamba mwanga mkali umewashwa, ambayo balbu na kofia yake vilikuwa vimepotea zamani. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungusha kwenye shingo ya taa mpya ili ibane vizuri isitikisike, na chuma cha bakuli hakikuguswa.

Sehemu iliyohitaji akili zaidi ilikuwa kuunganisha waya. Pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ile zina ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu, kinyume cha pikipiki za Kijapani na za Kihindi ambazo mafundi wetu wamezizoea. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo waya wake chanya ulipaswa kwenda kwenye ethi, ambayo katika rangi za Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya pikipiki hizo, ni waya mwekundu, na waya wake hasi kwenye waya mweupe unaotoka kwenye swichi ya funguo. Ningeufunga moja kwa moja kwenye betri, taa ingeendelea kunyonya umeme hata pikipiki ikiwa imelala. Kwanza nilihakikisha kwa mita kwamba kifuko cha chuma cha taa hakikugusana na waya wowote kati ya hizo mbili, kisha nikaweka fyuzi ndogo na kufunga kila kiungo kwa mpira wa kubana, kwa sababu hewa ya chumvi ya Mikindani hula shaba isiyofunikwa.

Mjomba alifungua swichi, taa ikawaka kijani. Alipiga kiki, injini ikaunguruma, rangi haikubadilika, naye akaridhika kabisa. Mimi nilimwomba tutoke naye barabarani, kwani pikipiki ikiwa imesimama bila mwendo haikwambii mengi.

Tulishika barabara ya Lindi. Tulipokuwa tumekwisha kuuacha mji nyuma na mjomba akaongeza kasi, taa ilianza kumetameta. Tulisimama chini ya mkorosho, nikafunga mita kwenye betri, naye akaongeza mwendo wa injini kwa mkono: volti 15.6. Sindano ya ammita, wakati huohuo, ilikuwa imelala palepale alipoizoea na kuipenda.

Katika mfumo huu wa Lucas, umeme unaozidi hauzuiwi kwenye oltaneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka. Dayodi ya Zener huanza kuupitisha kwenda ethi volti zinapokaribia 14, na nguvu hiyo huwa joto. Ndiyo maana dayodi hufungwa kwenye kipande cha aluminiamu chenye mapezi, mbele penye upepo. Nilikigusa kwa kiganja. Baada ya mwendo ule kilipaswa kuwa cha moto, lakini kilikuwa baridi. Nilipokifungua nilikuta kutu nyeupe imejaa kati ya dayodi na kikalio chake, na pia mahali waya wa ethi ulipofungwa, kwa hiyo umeme wa ziada haukuwa na pa kwenda ila kwenye betri.

Tulisugua nyuso zote kwa msasa hadi zikang'aa. Nati niliikaza kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa shina la dayodi hiyo ni la shaba laini na hukatika upesi mikononi mwa fundi mwenye haraka. Mita ikasoma 14.2.

Mjomba hakutaka kurudi nyumbani. Aliendesha hadi njia panda ya Mingoyo, taa ikiwa kijani muda wote, na pale aliniagiza nimtafutie nyingine kwa ajili ya rafiki yake wa Newala. Betri iliyokuwamo siku ile ilivuka msimu wote wa korosho na masika yaliyofuata, ikiongezewa maji kidogo tu.